Makaa ya Chumba cha Tatu

Mwamvita alikuwa na namna yake ya kujua nani amelala na nani hakulala. Hakuuliza mtu. Alisubiri uji.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wasichana wa bweni walipopanga foleni mbele ya jiko na vikombe vyao vya plastiki, yeye alichota kwa upawa huku macho yake yakiwa kwenye mikono yao. Msichana aliyelala vizuri hushika kikombe kwa mkono mmoja, akapiga funda kabla hata hajatoka kwenye foleni, kisha akageuka kulalamika: uji mwepesi, uji hauna sukari, uji unanuka moshi. Ambaye hakulala hukikumbatia kikombe kwa mikono miwili kama kifaranga, akakiweka chini ya kidevu, akasimama hapo kimya mpaka uji ukashika utando. Huyo halalamiki. Hana habari na sukari.

Kwa hiyo Mwamvita alipenda kulalamikiwa.

Lakini mwezi wa Juni walalamikaji walipungua. Mgeta mwezi wa Juni si mahali pa mchezo. Ukungu hushuka saa kumi jioni, ukafunika matuta ya kabichi na njegere, ukalala hapo mpaka kesho yake saa nne. Malori ya mboga yanayoteremka kwenda Morogoro mjini huwasha taa mchana. Na bweni la ile shule ya kata lilikuwa limejengwa kwa nguvu za wazazi, na nguvu za wazazi zilikuwa zimeishia kwenye bati. Kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, dari hakuna. Vyumba vinne, vitanda vya deka, magodoro membamba juu ya nyavu za chuma. Usiku bati lilipoa kuliko jiwe la mtoni, na alfajiri likatoa jasho, matone yakawadondokea waliolala juu.

Mwamvita alikuwa mpishi wa bweni hilo mwaka wa tatu sasa. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, amemaliza la saba akarudi shambani kwa bibi yake, Bibi Mosi, ng'ambo ya bonde, mpaka siku aliyosikia shule inatafuta mtu wa kupika. Alilala kwenye kachumba nyuma ya jiko, ambako ukuta ulibaki na joto la mafiga hadi asubuhi. Baridi ya bwenini aliijua kwa kuitazama tu kwenye nyuso za wasichana.

Uso aliouona kuliko zote ulikuwa wa Nasra, wa kidato cha pili. Nasra alitoka Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga, huko chini kwenye joto. Baba yake, mzee Stambuli, alimleta huku mlimani kwa sababu alitaka shule yenye bweni, mtoto asitembee maili nyingi kando ya mifereji. Hakufikiria habari ya blanketi. Nani angefikiria, Dakawa?

"Kwetu, dada, tunalala mlango wazi," Nasra alimwambia asubuhi moja. Alikuwa amekuja jikoni kabla ya kengele, kama kawaida yake, amechuchumaa mbele ya mafiga na vidole vyake karibu na moto kiasi cha kuungua. "Mtu unajifunika neti, basi. Hapa nimevaa sweta mbili, kanga, na koti la mvua. Koti la mvua, dada! Kitandani! Nikigeuka linalia kwakwakwa, chumba kizima kinaamka."

"Na usingizi?"

"Unakuja saa tisa. Saa kumi na moja kengele."

Nyuma yake aliingia Martina, rafiki yake wa kitanda cha juu, mtoto wa Mgeta hapohapo, mdomo haujui likizo. "Shikamoo dada Mwamvita. Huyu mtu wa mpunga tukimwacha mpaka Agosti ataganda. Tutamkata vipandevipande tumuuze na soda."

"Marahaba. Na wewe mbona macho mekundu?"

"Mimi silali kwa sababu yake. Anagonga meno kama anasaga karanga."

Wakacheka wote watatu. Lakini siku hiyohiyo, mnamo saa tano, Mwamvita alipokuwa akichambua mchicha nje, alimwona Nasra amepigishwa magoti kwenye nyasi mbele ya darasa. Alikuwa amesinzia kwenye hesabu, mara ya tatu wiki ile. Alipiga magoti akiwa ametazama mlima, na hata hapo, kwenye magoti, kichwa kilikuwa kinaanguka taratibu, kinaamka, kinaanguka. Mwalimu aliona uvivu. Mwamvita aliona mtu ambaye hajalala mwezi mzima, na Novemba ana mtihani wa taifa.

Jioni ile akaamua.

Alikokulia yeye, kwa Bibi Mosi, moto ulikuwa katikati ya nyumba. Nyumba ya udongo, paa la nyasi. Wakati wa kulala bibi alivuta kuni nje ya mafiga, akafukia makaa kwenye majivu, na wajukuu wakalala wamezunguka, miguu imeelekea motoni. Mwamvita hakumbuki kuona baridi hata siku moja katika nyumba ile, wala hakumbuki mtu kuumwa. Basi akachukua karai bovu lililotoboka pembeni, akalijaza makaa mekundu, akayafunika kwa majivu kama alivyofundishwa. Ila alibadilisha jambo moja, na alijiona mwerevu kwa kulibadilisha. Bibi alitumia makaa ya kuni. Mwamvita akachukua ya mkaa wa gunia, ule wa kupikia chai ya walimu, kwa sababu mkaa ukishakolea hautoi moshi. Macho ya wasichana hayatawasha. Na Mwalimu Magreth, mlezi wa bweni, hatasikia harufu.

Akambebea Nasra mpaka mlango wa chumba cha tatu. "Liweke katikati, mbali na mashuka. Na Matroni msimwambie."

"Hatumwambii hata Mungu," alisema Martina.

"Mungu mwambieni."

Asubuhi yake Nasra alifika kwenye foleni wa mwisho, nywele zimesimama upande mmoja, kikombe mkono mmoja. Akapiga funda, akakunja uso. "Dada, huu uji au maji ya kunawia? Sukari iko wapi?"

Mwamvita alicheka mpaka ikabidi aweke upawa chini.

Mambo yakaenda hivyo siku nne. Siku ya pili hali ilikuwa vilevile, usingizi na malalamiko. Siku ya tatu Zuhura, ambaye kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha lililovunjika kioo, akasema kwake joto halifiki. Siku ya nne Martina akaja jikoni na wazo.

"Joto letu linapotea bure, dada. Linatokea kwenye yale matundu ya juu. Ukutani. Tupe sandarusi tuzibe."

Mwamvita akawapa sandarusi nne tupu za unga. Aliwapa kwa mkono wake, na baadaye, kila alipokumbuka, hilo ndilo lililomchoma zaidi: kwamba alizikung'uta kwanza, zisiwachafue. Martina akapanda juu ya kitanda chake akaziba matundu yote. Dirisha wakalitilia kipande cha boksi.

Asubuhi ya siku ya tano, Jumatatu, ukungu ulikuwa mzito hivi kwamba mlingoti wa bendera haukuonekana. Mwamvita alikoroga uji, akatega sikio. Nasra hakuja kuota moto. "Leo kalala," akajisemea, na akafurahi kama mtu aliyepona yeye mwenyewe. Kengele ikalia. Foleni ikaja: chumba cha kwanza, cha pili, cha nne. Akachota, akachota. Mikono miwili, mikono miwili, mkono mmoja. Chumba cha tatu hakikuja. Waache wavute usingizi, akawaza, wana deni la mwezi mzima.

Kisha akamwona Zuhura anatokea kwenye ukungu peke yake, hana kikombe.

"Dada, wenzangu hawaamki. Nimewatikisa. Martina kaniitikia kama mlevi."

Upawa ukazama kwenye sufuria. Mwamvita hakumbuki kuvuka ule uwanja. Anakumbuka mlango, na ule uvuguvugu uliomgonga usoni, uvuguvugu mzuri, bila harufu yoyote, kama wa kachumba kake mwenyewe. Wasichana watano walikuwa wamelala midomo wazi, mashavu yamewaiva. Walionekana wazima kuliko siku zote. Akamshika Nasra mabega, kichwa kikaning'inia.

Hakujua ni nini. Alijua tu kwamba Zuhura anasimama na hawa hawasimami, na kwamba Zuhura alikuwa analala kwenye upepo. Boksi la dirisha lake lilikuwa limeanguka sakafuni. "Nje," akasema. "Wote nje. Nishikie miguu." Wasichana wa vyumba vingine wakaja mbio. Wakawatoa mmoja mmoja, wakawalaza kwenye nyasi zenye umande, kwenye baridi ileile waliyokuwa wanaikimbia. Na ile baridi ikawaamsha. Martina alikohoa, akatapika, akauliza kwa nini yuko shambani. Nasra ndiye aliyechelewa. Mwamvita alikaa naye chini, kamwegemeza kifuani, akimpepea uso kwa upande wa kanga, akihesabu pumzi zake moja moja, mpaka msichana alipofumbua macho na kusema, "Dada, kichwa."

"Najua. Vuta hewa. Vuta tena."

Mwalimu Magreth alifika anahema, kitambaa cha kichwa mkononi. Nyumba yake ilikuwa chini kwenye mteremko. Alikuta wasichana watano wamejikunyata ndani ya mablanketi kwenye nyasi, wanatapika.

"Wamekula nini hawa?"

Martina aliinua kichwa. Alimtazama Mwalimu, akamtazama Mwamvita, akamtazama tena Mwalimu. "Maharage, mwalimu," akasema. "Ya jana. Yalikuwa magumu."

Na wengine, wagonjwa walivyokuwa, wakaitikia: maharage, maharage.

Nesi wa zahanati akawapima, akawapa maji ya chumvi na sukari, akaambiwa maharage, akaandika tumbo. Mpaka saa nne walikuwa wamekaa juani wanaumwa kichwa tu. Martina, ambaye miguu yake ilirudi kabla ya ya wenzake, akaja jikoni akishika ukuta.

"Tumekuokoa, dada. Karai nimelisukuma chini ya kitanda. Matroni hakuliona."

Mwamvita alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka. "Nani kakuambia uniokoe?"

"Wangekufukuza. Kwa maharage hawafukuzi mtu, wanafoka tu." Akaegemea ukuta. "Leo tutatia makaa machache. Jana yalizidi, nadhani. Na chumba cha pili nao wanataka, wamesikia. Wana jiko lao la kuazima."

Mwamvita akaacha kuosha.

Martina alipoondoka, alikwenda chumba cha tatu, akakaa kwenye kitanda cha Nasra, mikono magotini. Alikuwa mtu wa kukaa na jambo mpaka lijiseme lenyewe. Maharage walikula wasichana hamsini na wanane, na wa chumba cha kwanza walikula mara mbili. Zuhura alikula sawa na wenzake, sahani moja. Zuhura alitofautiana na wenzake kwenye dirisha tu. Akavuta karai kutoka chini ya kitanda. Majivu meupe, laini, hayanuki kitu. Akatazama juu: bati, na kila tundu limefungwa kwa sandarusi yake. Akaikumbuka nyumba ya Bibi Mosi. Asubuhi za baridi, ukiitazama kutoka shambani, paa zima lilikuwa linafuka, moshi unatoka penye nyasi kila mahali, kama mtu anayepumua. Nyumba ile haikuwa na ufunguo wala kioo. Kumbe kila usiku ilikuwa inatoa nje kitu ambacho yeye hakukijua, na moshi ndio uliokuwa unakionyesha njia. Yeye akaondoa moshi, akadhani ameondoa ubaya.

Saa sita akaitwa ofisini.

Mkuu wa shule, Mwalimu Mikaeli, alikuwa mtu mnene mpole aliyefundisha kemia na kuvaa koti moja mwaka mzima. Mwalimu Magreth alikaa pembeni. Mezani kulikuwa na karatasi imeshaandikwa.

"Mwamvita, kaa. Hatutaki kukukuzia jambo," alisema Mkuu. "Umetupikia miaka mitatu, hatujapata kuugua. Maharage ni kitu cha kawaida kumpita mtu. Hii ni barua ya kukukumbusha tu. Uyaloweke usiku, uyachemshe mpaka yaive. Weka saini hapo, urudi jikoni, watoto wale mchana."

Akamsogezea kalamu. Mwamvita akaishika. Ilikuwa kalamu nyepesi, na jambo lilikuwa jepesi vilevile: jina lake tu, herufi nane, na kesho angeamka kwenye kachumba kake kenye ukuta wa joto, akoroge uji. Akiyasema yale mengine, angeamka kwa Bibi Mosi na jembe. Alikuwa anaipenda kazi hii. Aliipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Akafikiria jiko la kuazima la chumba cha pili. Usiku wa leo.

Akaiweka kalamu chini.

"Maharage yaliiva, mwalimu."

Mwalimu Magreth akashtuka. "Unabisha? Watoto wenyewe wamesema."

"Watoto wamenisitiri. Maharage yangu yaliiva, mwalimu, hata bibi asiye na meno angeyala. Ni makaa. Niliwapa makaa ya mkaa kwenye karai, siku nne. Na sandarusi za kuziba matundu niliwapa mimi. Na niliwaambia wasikuambie wewe." Sauti yake haikupanda. "Chumba cha pili wanataka kufanya hivyohivyo leo. Ndiyo maana nasema."

Nje mtu alikuwa anachapa mbuzi atoke kwenye bustani ya shule.

"Mwamvita," alisema Mwalimu Magreth, polepole, "unajua unachokisema?"

"Najua."

"Wangekufa. Watoto sita wangekufa, na mimi nimelala chini hapo."

"Najua, mwalimu."

Mwalimu Mikaeli alikuwa ametazama karatasi yake. "Nani alikufundisha?"

"Kwa bibi tulilala na moto. Nilidhani moto ni moto."

"Hata mimi nimelelewa hivyo." Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Mkaa unaoungua una hewa ya sumu. Haina harufu wala rangi. Chumba kikizibwa inajaa, mtu analala, haamki. Kidato cha tatu naifundisha kila mwaka, naandika ubaoni, wanaandika daftarini, tunafuta. Sijawahi hata siku moja kutoka darasani nikaenda bwenini kuisema." Akavaa miwani. "Bodi itakaa Ijumaa. Mpaka hapo utapika, lakini bwenini usiingie. Karai nipe mimi."

Kisha akatoka, mtu mzima na koti lake, akapanda mwenyewe juu ya kitanda cha Martina na kung'oa sandarusi zote nne. Jiko la chumba cha pili alilikuta ndani ya tranka, limefungwa kwenye kitenge.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Wasichana walipona, lakini baridi ilirudi pale pale. Matundu wazi, bati lilelile. Foleni ya uji ikawa mikono miwili mwanzo mpaka mwisho. Nasra aliendelea kuja kabla ya kengele, anachuchumaa, hasemi.

"Umenikasirikia?" Mwamvita alimwuliza Jumanne.

"Hapana, dada. Nampigia baba. Aje anichukue."

"Lini?"

"Jumapili, akipata nafasi."

Mwamvita akampa kikombe. Akamtazama anavyojikunja, na jambo alilokuwa ameliona mwezi mzima bila kuliona likamjia. Nasra hakusugua mikono wala mabega. Alikuwa amemgeuzia moto mgongo. "Nasra. Ukilala, unajifunika nini?"

"Vyote."

"Na chini umetandika nini?"

"Godoro."

Godoro lenye unene wa kiganja, juu ya wavu wa chuma, na chini ya wavu hewa ya saruji. Sweta mbili, kanga na koti la mvua, vyote juu. Baridi ilikuwa inamwingilia mgongoni.

Safari hii Mwamvita hakunong'ona na mtu mlangoni. Alivua kandambili zenye matope, akaenda mpaka ofisini kwa Mwalimu Magreth, akasimama. "Shikamoo mwalimu. Nina maneno mawili. Ukikataa, nimekubali."

Mwalimu Magreth hakuwa amemsemesha tangu ofisini kwa Mkuu. "Marahaba. Sema."

"La kwanza, majani makavu ya migomba, yapo tele, tuyajaze kwenye magunia tuweke chini ya magodoro. La pili, matofali."

"Matofali?"

"Yale vipande yaliyobaki kwenye ujenzi. Bibi yangu, mwanamke akijifungua, anapasha jiwe pembeni ya moto, analifunga kwenye nguo, anamwekea mzazi miguuni. Moto unabaki jikoni. Kinachokwenda kitandani ni joto lake tu. Mawe ya mtoni hayafai, yana maji, yanapasuka. Tofali likianikwa juu ya mafiga siku mbili, halipasuki."

"Halafu liunguze shuka?"

"Unalidondoshea maji. Maji yakiruka, bado kali. Yakikauka taratibu, unalifunga kwenye gunia, tayari."

Mwalimu Magreth alimtazama kwa muda. "Mimi nimeshaaminishwa mambo wiki hii," akasema. "Nipe moja. Nikalijaribu kwangu kwanza."

Alhamisi jioni Mwamvita alimfungia kipande cha tofali kwenye gunia, akakikaza kwa kamba ya mgomba, Mwalimu akakibeba kwapani kama mkate. Na Ijumaa asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu bweni lifunguliwe, Matroni alichelewa kengele. Alifika watoto wameshakunywa uji, alama ya mto shavuni.

"Nimepitiwa," akasema, bila kumtazama mtu. Kisha, kwa sauti ya chini: "Pasha mengine."

Mchana ule Martina na wenzake walijaza majani ya migomba kwenye magunia huku wakipigana nayo. Mwamvita alipanga kuzunguka mafiga matofali aliyokuwa ameyaanika yote tangu Jumanne, akayageuza kama anayechoma mahindi. Ofisini bodi ilikuwa inakaa. Aliwaona wakiingia: wazee watano, mwenyekiti mzee Kondo mbele na fimbo yake. Hakujua mikono yake aiweke wapi, akaendelea kugeuza matofali.

Mwalimu Mikaeli alikuja jikoni jua linazama. Akakaa kwenye kigoda, akapumua.

"Baba yake Nasra alipiga simu. Alitaka ufukuzwe leo hii. Ana haki, na nilimwambia ana haki." Akavuta kigoda karibu na moto. "Nasra akaomba simu, akatoka nayo nje. Sijui walisema nini. Aliporudi, mzee akasema anaiachia bodi."

Mwamvita akageuza tofali moja.

"Barua ya onyo, kali, inakaa kwenye faili. Nami wameniandikia yangu, nimeistahili. Unabaki. Lakini mzee Kondo ametoa sharti. Leo, kabla hawajalala, uingie kila chumba, uwaambie kwa mdomo wako ulichofanya. Si mimi, si Matroni. Wewe."

"Mbele ya kidato cha nne?"

"Mbele ya wote."

Angeona afadhali kulima. Wasichana wa kidato cha nne walikuwa wanaongea Kiingereza wakitaka asiwaelewe. Lakini baada ya chakula alikwenda, kitambaa cha jikoni bado begani, akaanza chumba cha kwanza.

"Mimi ndiye niliyewapa chumba cha tatu makaa," akasema. "Nilifanya kwa huruma, na nusura niwaue. Hayakutoa moshi, nikadhani hayana kitu. Mtu asiingize jiko humu. Hata mkiona theluji. Mtu akiziba yale matundu, mwenzake ayazibue, hata wakigombana. Mkiona baridi njooni jikoni mnigongee." Akafikiri kama kuna la kuongeza, hakuliona. "Basi."

Hakuna aliyecheka. Chumba cha pili, msichana mkubwa mmoja akasema, "Asante, dada." Chumba cha tatu hakuweza kumaliza, Martina alimkatiza, "Dada, tulikuwepo," na wote wakaangua kicheko, na yeye akafuta macho kwa kitambaa cha sufuria, akajipaka masizi.

Kisha wakapeleka matofali, kila kitanda kipande kimoja, chini ya miguu. Matundu yalikuwa wazi, ukungu ukipita juu kama mgeni asiyekaa. Nasra alijilaza kwenye gunia lake la majani, likachakarika. Akanyoosha miguu.

"Linapiga kelele kuliko koti la mvua," akasema Martina kutoka juu.

Nasra alikuwa ameshalala.

Asubuhi Mwamvita alikoroga uji, na Nasra hakuja kuota moto.

Akaweka mwiko chini. Akavuka uwanja mbio, bila kanga, mpaka mlango wa chumba cha tatu, akausukuma. Hewa ya baridi ikamgonga usoni, baridi safi ya Mgeta, inakata pua. Ndani watu wanakoroma. Akasimama pale mlangoni, akasikiliza pumzi zao moja moja, Martina, Zuhura, wote sita, kisha akarudi polepole jikoni kuwahi uji usiungue.

Kengele ikalia. Foleni ikaja, na mwisho kabisa Nasra, nywele upande, shavu lina mistari ya gunia. Akanyoosha kikombe kwa mkono mmoja. Akapiga funda.

"Dada Mwamvita, jamani. Hii sukari mnamfichia nani?"

"Baba yako anakuja kesho?"

"Anakuja. Nimemwambia alete mchele." Akanywa tena, akakunja uso. "Na sukari."

Mwamvita akaugonga upawa kwenye ukingo wa sufuria. "Anayefuata," akasema.